Endura C2 55 kwenye mtumbwi wa futi 17: spidi iko kwenye waya na betri, sio kwenye paundi

Nianze na jibu kabisa kwa wale wenye haraka. Mota hii ndogo ya umeme ya kufunga kwenye mtumbwi, Minn Kota Endura C2, ni nzuri, hela yake inalipa, ila kama unainunua ukitegemea mtumbwi ukimbie na boti za injini utaumia roho bure. Ilivyotoka kwenye boksi nikaifunga ilikuwa inanipa kilomita 6.4 kwa saa kwa GPS ya simu, niko peke yangu, maji yametulia, gia ya mwisho. Leo hii mota ileile, propela ileile ya kiwandani, mtumbwi uleule, napata 7.6. Najua kuna mtu hapo ameshaguna, yaani kilomita moja na ushee ndo unaandikia gazeti zima, lakini ndugu yangu kwenye maji hesabu sio za barabarani. Nguvu ya kusukuma mtumbwi inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi, au karibu na hapo, maana yake kutoka 6.4 kwenda 7.6 unadai karibu theluthi mbili zaidi ya nguvu uliyokuwa unapata mwanzo. Na sikuongeza mota. Hela ilienda kwenye waya na betri, mengine ni kuhamisha tu vitu humo humo ndani ya mtumbwi, bure kabisa.

Niko Minnesota, Brooklyn Park, huku watu wa Afrika Mashariki tumejaa hasa Wakenya, na maziwa ndo usiseme, serikali ya jimbo yenyewe inahesabu 11,842 yenye ekari 10 kwenda juu. Ninalolitumia zaidi ni Medicine Lake, nashushia pale French Regional Park, ni ziwa la ekari kama 900 hivi, sio kubwa kwa mtu aliyekulia Mwanza lakini kwa kasia linatosha kukumaliza mabega, hasa pale umevua zako vizuri upande wa pili halafu upepo unaamka na uko usoni kwako wakati wa kurudi. Ndo nikasema sasa basi, natafuta mota.

Mtumbwi ni Grumman wa aluminiamu, mtumba, umebonyea bonyea kidogo lakini hauvuji. Hawa Grumman walikuwa watengeneza ndege za kivita za jeshi la majini la Marekani, vita vya pili vilipoisha mwaka 1945 wakaona aluminiamu ipo na mafundi wa kupiga ribiti wapo, wakaingia kwenye mitumbwi. Ukiangalia ribiti zake zilivyopangana unaona kabisa kazi ya watu wa ndege. Umechongoka pande zote mbili, hauna kitako bapa cha kufungia mota nyuma, na hilo lina madhara yake nitakuja nalo.

Mota ni Minn Kota Endura C2 ya paundi 55, kiwanda chao kipo Mankato humuhumu Minnesota. Volti 12, gia tano za mbele na tatu za kurudi nyuma, mkono wa usukani unavutika inchi 6 na unaweza kuuinua au kuushusha. Ikiwa gia ya tano inaweza kula hadi ampea 50. Piga hesabu, volti 12 mara ampea 50 ni wati 600, na nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo hapo unapoiona inavyotisha dukani na maandishi yake makubwa ya 55, ujue unanunua kitu ambacho hakifiki hata farasi mmoja. Sio kwamba wamekudanganya, ndo kazi yake ilivyo.

Hapa kwenye paundi ndo watu wengi wanapigwa. Paundi 55 ni nguvu mota inayovuta ikiwa imefungwa kamba haiendi popote. Haikuambii spidi. Hizi mota zilibuniwa kwa ajili ya wavuvi wa boti nzito, mtu anataka boti itulie palepale upepo unapopiga au itambae taratibu huku anavuta chambo, kwa hiyo propela yake ina mkunjo mdogo, yaani kila ikizunguka mara moja inasogea umbali mfupi tu majini, ni sawa na lori liko gia ya kwanza, nguvu ipo lakini mwendo una kikomo. Propela inazunguka taratibu, mota imeunganishwa nayo moja kwa moja bila gia za kuongeza mzunguko, na mtumbwi hauwezi kwenda haraka kuliko maji yanayotupwa nyuma na hiyo propela. Kwenye mtumbwi mwembamba unafika kwenye hicho kikomo mapema sana, mota bado ina nguvu ya ziada ila haina mzunguko wa kukupeleka mbele zaidi.

Duka moja la vifaa vya uvuvi huku, jina nalihifadhi, muuzaji alinikomalia nichukue ya paundi 80 ya volti 24, eti hiyo itaruka. Nikamuuliza propela yake ina mkunjo gani na inazunguka mara ngapi kwa dakika, akarudi kwenye "hii ni pro zaidi". Volti 24 maana yake betri mbili za volti 12, za maji hizo ni kama kilo 27 kila moja, kwenye mtumbwi! Na mkunjo na mzunguko wake hauko mbali sana na wa hii ya 55, kwa hiyo ungeongeza nusu kilomita labda, huku umeongeza betri nyingine nzima ya kilo 27. Ningekuwa na boti ya futi 18 ya fiba sawa, ningemwelewa.

Kuna wale pia wanaosema urefu wa mtumbwi ndo unakubana. Ile kanuni ya zamani ya mabaharia, kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu inayokaa majini kwa futi, mara 1.34, unapata kikomo cha spidi kwa noti, kile kipimo cha mwendo cha mabaharia. Kwa mtumbwi wangu inatoka noti 5.4 hivi, ambazo ni kilomita 10 kwa saa. Na mtumbwi mwembamba huwa hata unaruhusu kupita kidogo. Kwa hiyo mtumbwi bado ulikuwa na nafasi kubwa, nilikuwa 6.4 tu. Tatizo lilikuwa mzunguko wa propela, na kwenye mota ya namna hii mzunguko unafuata volti. Sio volti zilizoandikwa kwenye betri, volti zinazofika kwenye mota yenyewe ikiwa inakula.

Basi nikachukua multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Hiki ndo kifaa cha maana kuliko vyote nilivyotumia na ni cha bei ya kula chakula cha mchana. Betri ya kwanza ilikuwa ya maji, ya ampea saa 100, ile ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya boti. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma 12.7, inapendeza. Weka gia ya tano, inashuka hadi 11.4 papo hapo, na ukipima kwenye waya unapoingia kichwa cha mota unakuta 10.9. Na hapo betri imejaa, baada ya nusu saa inazidi kushuka na wewe unaona kabisa spidi kwenye simu inatambaa kwenda chini, 6.4, 6.2, 5.9, unadhani ni upepo kumbe ni betri.

Lakini kabla ya kugusa betri nilianza na mkao, kwa sababu mkao ni bure. Mimi nina kilo 85, nimekaa kiti cha nyuma, betri kilo 27 iko miguuni kwangu, mota kilo kama 10 imening'inia nyuma yangu. Mbele hamna kitu. Pua iko hewani, ukiangalia kwa pembeni futi tatu nne za mbele hazigusi maji kabisa, na upepo ukija ubavuni unaisukuma pua unavyotaka wenyewe, kwa hiyo mkono wako kazi yake ni kurekebisha tu, na kila ukirekebisha unapoteza mwendo. Ila dalili kubwa iko nyuma. Geuka uangalie maji yanapoachana na mtumbwi. Kama nyuma kumezama utaona maji yanachemka palepale kwenye kitako, yanafuata mtumbwi, kuna shimo na povu. Mtumbwi uliokaa sawa unaacha mstari mwembamba tu, maji yanafunga kimya kimya. Mimi sasa hivi naangalia huo mstari kuliko hata GPS.

Kwa hiyo betri ikaenda mbele, karibu na pale abiria wa mbele anapoweka miguu. Na mkono wa usukani nikauongezea bomba la plastiki la maji, lile la mafundi bomba, nimelipasua kidogo upande mmoja na kulikaza na klipu za hozi, basi nikasogea mbele, nakaa karibu na katikati. Mtumbwi ukalala sawa. Stabiliti nayo ikaongezeka, huo ni faida juu. Mkitoka wawili wala usihangaike na yote haya, mwenzio akikaa mbele mambo yamejipanga yenyewe, mimi na mke wangu tukiwa wote tunapungukiwa spidi kidogo tu ukilinganisha na nikiwa peke yangu na pua juu.

Sasa ukapimwa mwendo: 6.2. Umeshuka! Mkao umekuwa mzuri na spidi imeshuka, ndo hapo watu wengi wanakata tamaa wanarudisha betri nyuma. Shika waya uone. Nilishika, ulikuwa wa moto, sio vuguvugu, wa moto. Ule waya wa kurefushia niliouziwa ili kuifikia betri huko mbele ni namba 10 kwa vipimo vya Marekani, kwa milimita zetu ni kama 5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 10, na kwa ampea zaidi ya 45 zinazopita humo unapoteza volti moja na nusu hivi. Multimita kwenye mota ilisoma 9.9. Yaani karibu wati 70 zilikuwa zinapasha joto sakafu ya mtumbwi, tunapasha samaki.

Nikanunua namba 6, ambayo ni milimita 13 za mraba na kidogo, waya mnene wa nyuzi nyingi uliopakwa bati kwa ajili ya maji. Hasara ikashuka hadi volti 0.6 tu. Kwa walioko Bongo au Kenya mkienda duka la umeme ombeni wa 16mm wenye nyuzi nyembamba nyingi, ule wa nyuzi saba ngumu wa nyumbani utapinda pinda na kukatika. Lagi, vile vishikio vya chuma vya mwisho wa waya, zibanwe na koleo yake hasa, usizungushe waya kwenye vichwa vya betri kwa mkono halafu ukategemea miujiza, kila kiungo kilicholegea kinakula volti zako na siku moja kinayeyuka. Na sakiti breka ya ampea 60 ikae karibu na betri, sio karibu na mota, kwa sababu unachokilinda ni waya. Betri inaweza kutoa mamia ya ampea waya ukikwaruzwa na ukagusa bodi, na bodi yangu ni chuma tupu, aluminiamu yote. Hapo sina utani, waya umepita ndani ya hozi ya plastiki mwanzo mpaka mwisho.

Na waya mnene na betri mbele, mwendo ukawa 6.8. Hiyo peke yake kwa mtu asiyetaka kutumia hela nyingi inatosha, ningekuwa na bajeti ndogo ningeishia hapo na kutabasamu.

Halafu ndo ikaja lithiamu. Nimeipigia mahesabu muda mrefu kwa sababu bei yake huwa inauma, ila zimeshuka sana siku hizi. Yangu ni ya ampea saa 100, ile ya aina ya fosfeti ya chuma, seli nne za volti 3.2 kila moja ndo unapata 12.8. Uzito kilo 11. Kutoka 27 kwenda 11, naibeba kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari mpaka majini, ile ya maji nilikuwa naibeba huku mgongo unalia. Kilichonipendeza zaidi sio uzito lakini. Weka gia ya tano, betri inabaki 12.9, kwenye mota inasoma 12.2 na ushee, na inabaki hapohapo. Baada ya nusu saa, 12.2. Baada ya saa nzima bado iko maeneo hayo. Ndo maana spidi ikafika 7.6 na ikakaa, haitambai kushuka. Sikujua hiyo raha mpaka nilipoionja, unavuka ziwa kwa mwendo mmoja.

Muda nao, kwa betri ya maji ukiinyonya kwa ampea 50 haikupi zile 100 zilizoandikwa, ukinyonya kwa kasi inatoa pungufu, na ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo gia ya tano hufikishi hata saa moja ya amani. Lithiamu unaitumia karibu yote, saa moja na dakika arobaini na tano gia ya tano bila wasiwasi. Ila hakuna anayeenda gia ya tano siku nzima, ukishuka gia ya tatu unapata kitu cha kilomita 5 kwa saa na betri inaonekana haina mwisho.

Tahadhari mbili tatu za lithiamu. Ndani yake ina saketi ya ulinzi, na saketi hiyo ina kikomo cha ampea, nimeona za bei rahisi zenye kikomo cha ampea 50 wakati mota hii nayo inakula mpaka 50, maana yake siku una haraka betri inajizima katikati ya ziwa kujilinda. Tafuta ya ampea 100. Chaja iwe ya lithiamu. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na huku kwetu Minnesota baridi yake mnaisikia, kwa hiyo majira ya baridi betri inalala ndani ya nyumba sio gereji. Na kwa kuwa volti zinakuwa juu kuliko za betri ya maji, mota inafanya kazi zaidi, soma kitabu chake kinasemaje kuhusu lithiamu na usiibane gia ya mwisho masaa mfululizo siku ya joto kali. Kuna jamaa mtandaoni wanaunga betri mbili kupata volti 24 kwenye mota ya 12 ili iruke, wanaonyesha video ya dakika moja, ya dakika kumi hawaonyeshi.

Turudi kwenye mota yenyewe maana hii ni rivyuu ya mota. Gia zake tano zinafanya kazi kwa koili za upinzani, yaani gia ya kwanza mpaka ya nne sehemu ya umeme inageuzwa kuwa joto ili mota iende taratibu, ya tano ndo umeme unapita moja kwa moja. Kwa mtu anayetambaa taratibu siku nzima ni upotevu, na wao wenyewe wanayo Endura Max ambayo inakata kata umeme kielektroniki na huna gia, unazungusha tu unavyotaka, wanasema betri inaweza kudumu hadi mara tano zaidi. Hiyo mara tano ni kwa spidi za chini, kule juu kabisa hamna tofauti. Kwa kuwa mimi shida yangu ilikuwa kuvuka ziwa haraka, nikabaki na C2 na tofauti ya bei ikaenda kwenye waya. Ungeniuliza kwa mvuvi wa kutambaa ningesema chukua Max bila kufikiria mara mbili.

Mlingoti wake ni wa kompozit, hauoti kutu, unapinda kidogo ukigonga jiwe na kurudi. Wa kwangu ni inchi 36. Urefu huu kwa mtumbwi ni mwingi, na hapo kuna spidi nyingine imejificha. Ukishusha sana mlingoti wote unaoburuta majini unakuwa breki. Ukipandisha sana propela inavuta hewa, unasikia mlio unabadilika inakuwa kama inalalamika na mwendo unakatika. Nimeuacha juu ya mota kukiwa na maji kama futi moja, ndo kiasi kinachoshauriwa, nikiwa peke yangu maji yametulia napandisha kidogo zaidi. Halafu mlingoti usimame wima mtumbwi ukiwa unatembea. Ukiwa umelala hata kidogo tu, sehemu ya nguvu inaenda kuinua au kuzamisha kitako, na wewe unalipia hiyo kwa ampea.

Kuhusu kufunga: mtumbwi wa kuchongoka pande zote mota inakaa ubavuni, kwenye boriti iliyolala juu ya kingo mbili. Kwa hiyo inasukuma upande mmoja na mtumbwi unataka kuzunguka muda wote, unakuwa umeshika usukani umeupinda kidogo mwanzo mwisho. Dawa ni kuisogeza karibu na bodi kadri inavyowezekana na kuipeleka nyuma ambako mtumbwi ni mwembamba. Ile breketi ya kununua niliyoanza nayo, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa inaiweka mota mbali na bodi kiganja kizima na vikaza vyake vilikuwa vinalegea kila nikigeuza, nikaitoa nikaweka kipande cha mbao ngumu ya mwaloni na boliti mbili. Haipendezi kwa macho, inakaa. Wenye mitumbwi ya kitako bapa nyie mmebarikiwa, fungeni katikati muendelee na maisha.

Propela. Ya kiwandani ina blade mbili, imetengenezwa isishike majani, na kwenye Medicine Lake majani ni mengi mno mwanzoni mwa msimu. Nikanunua ya blade tatu kwa kuwa kila mtu anasema inaongeza spidi. Kwangu haikuongeza kitu cha kuonekana, 7.6 ikabaki 7.6. Ilichofanya ni kupunguza mtetemo na kelele, hilo kweli kabisa, na ukianza kutoka inashika maji haraka. Lakini kwenye majani ni mateso, kila dakika unainua mota unachomoa magugu. Bora muda huo huo ufungue nati ya propela uliyonayo uangalie nyuma yake, nyuzi za nailoni za ndoano zinajisokota pale kwenye shafti, zinakula spidi na mwisho zinakata sili maji yanaingia kwenye mota. Mimi nilitoa kifundo cha nailoni cha rangi tatu, maana yake wavuvi watatu tofauti waliokatikiwa walichangia.

Kuna mshkaji wangu ana Torqeedo Travel 1003, ya Kijerumani, siku hizi iko chini ya Yamaha tangu 2024. Tulifunga kwenye mtumbwi wangu jioni moja. Wati 1000, propela yenye mkunjo mkubwa, betri imo juu yake yenyewe, na kioo kinakuandikia spidi na umbali uliobaki. Ilifika 9.5 bila kujitesa. Hapo ndo unaona ile habari ya mkunjo wa propela sio nadharia. Ila bei yake inanunua mota yangu, waya, betri ya lithiamu, na hela ya kununulia mtumbwi mwingine inabaki. Kwa anayevuka umbali mrefu kila siku, ndo mota yake hiyo. Mimi kilomita mbili zaidi kwa hela ile hapana.

Ndugu zangu wa Mwanza mlioniuliza kama inafaa kwenye mitumbwi ya mbao ya wavuvi: ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja wa karibu na ufukwe inaweza, ule mrefu wenye nyavu na watu wanne na mawimbi ya mchana ya ziwa letu, hapana, farasi asiyetimia hawezi hiyo kazi, msije mkamlaumu mtu.

Na kwa walioko huku, ukishafunga mota hata ya umeme mtumbwi unahesabika ni boti ya mota, kwa hiyo usajili wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, ubadilishe na namba zibandikwe, kila mtu awe na jaketi lake la kuokolea, na ukitoka ziwani ondoa kila jani kwenye mota na mtumbwi kabla ya kuingia barabarani, faini ipo. Kule kwenye hifadhi ya Boundary Waters kaskazini mwa jimbo usiende nayo kabla hujaangalia ramani, maziwa mengi kule mota ya aina yoyote ni marufuku, hata ya umeme isiyo na kelele.

Nikiipa nyota, mota nyota nne, ile moja naikata kwa ajili ya zile gia za kupoteza umeme. Waya namba 6 nyota tano. Betri ya lithiamu tano. Breketi ya dukani moja, na hiyo moja ni kwa sababu boliti zake nimezitumia kwenye mbao. Propela ya blade tatu nyota mbili na iko sokoni, haina mkwaruzo, mwenye ziwa lisilo na majani aje tuelewane bei.